Jiwe la Bismarck na Ukumbi wa Vioo: maswali yenu kuhusu Ufaransa

Mwezi uliopita niligusia kwamba niliwahi kuishi mwaka mzima Tours, katikati ya Ufaransa, nilipokuwa nasomea ualimu wa Kifaransa. Tangu hapo barua hazijakoma. Wengine mnashangaa mtoto wa Mwanza alikipatia wapi Kifaransa. Neno langu la kwanza nililisikia Bukumbi, kwa padre mzee aliyekuwa akihesabu mayai ya kuku wake kwa lugha ya kwao. Mapadre Weupe walifungua misheni pale Bukumbi mwaka 1883, kwa hiyo lugha hiyo ina umri mkubwa ufukweni kwetu kuliko reli. Haya, tuingie kwenye barua.

*Shangazi, shikamoo. Nauza dagaa na sangara wa kukaanga Mwaloni, Kirumba. Kijana wangu wa kwanza anasoma Paris na amenialika wiki mbili mwezi wa tisa. Kila ninayemweleza ananiongezea mahali pa kwenda: mnara, makumbusho, majumba ya wafalme. Orodha imefika ishirini na mbili. Miguu yangu imezoea kigoda, na Kifaransa sijui hata neno. Nianzie wapi? — Mama wa watatu, Kirumba*

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kijana. Hiyo orodha iweke kando. Wiki mbili ni siku kumi na nne, na mbili za mwanzo zitaliwa na uchovu wa ndege. Chagua majumba mawili tu, kila moja ulipe siku nzima. Siku zinazobaki kaa na mwanao, mtembee mitaani, mle, mpumzike bustanini. Nimeongozana na watu waliopita majumba matano kwa siku tatu. Walirudi na picha mia tatu, na ukiwauliza ipi ni ya wapi wanaanza kubishana.

La kwanza liwe Chenonceau. Nimefika huko mara sita na ningeenda ya saba kesho. Kutoka Paris mnapanda treni ya kasi, TGV, hadi Tours, saa moja na robo hivi. Hapo mnabadili treni ndogo, nusu saa, nayo inawashusha karibu kabisa na lango. Mnaingia njia ndefu yenye miti mikubwa pande zote mbili, mnatembea, mnatembea, kisha mnaliona jumba jeupe limekaa juu ya mto. Nasema juu yake, maana maji ya mto Cher yanapita chini ya matao, na juu ya matao hayo kuna ukumbi wenye urefu wa mita 60.

Watalii wengi wanakimbilia vitanda vya malkia. Wewe shuka jikoni kwanza. Jiko limejengwa ndani ya nguzo zilizosimama mtoni. Utakuta sufuria za shaba zimepangwa kwa ukubwa, chumba cha nyama chenye ndoano na gogo la kukatia, na jiko la kuokea mkate. Kisha tazama upande wa maji. Kuna gati dogo ambapo mitumbwi ilileta vyakula moja kwa moja mpaka mlangoni mwa wapishi. Mara ya kwanza, mwaka 1983, nilisimama pale nikaiona Mwaloni yote: mtumbwi unagusa ukingo, mmoja anarusha kamba, mwingine anapokea kapu, bei zinaulizwa kwa sauti. Kila kilichofika mezani kwa malkia kilipita kwanza mikononi mwa watu wa kazi yako.

Na historia yake ni ya wanawake. Mfalme Henri wa Pili alimpa jumba hilo hawara wake, Diane de Poitiers, naye ndiye aliyejenga daraja. Mfalme akafa mwaka 1559. Mjane wake, Catherine de Médicis, akamwondoa Diane, akampa jumba jingine liitwalo Chaumont, kisha akajenga ukumbi wake juu ya daraja la mwenzake. Katika Vita Kuu ya Kwanza ukumbi huo uligeuzwa wodi, wakatibiwa humo majeruhi zaidi ya 2,000. Katika vita ya pili mto Cher ukawa mpaka: mlango wa mbele ulikuwa upande uliokaliwa na Wajerumani, mlango wa nyuma upande ambao walikuwa bado hawajaukalia. Watu wakavuka kupitia ukumbi wa malkia kuokoa roho zao. Ukifika katikati ya ukumbi huo, simama kidogo usikilize maji chini ya sakafu.

La pili ni Versailles, na hilo nitalieleza kwenye barua inayofuata, uisome vizuri maana na wewe umo. Kisha muulize mwanao kama safari yako itaangukia wikiendi ya tatu ya Septemba. Hizo ndizo Siku za Urithi, walizozianzisha mwaka 1984, na majengo mengi ya serikali ambayo kwa kawaida yamefungwa hufunguliwa kwa wananchi, hata Élysée, anapoishi Rais.

Sasa lugha. Neno moja linatosha kuanzia: *bonjour*. Litamke "bonzhur", na ulitangulize kabla ya jambo lolote. Wiki yangu ya kwanza Tours niliingia duka la mikate, nikanyoosha kidole, nikauliza bei. Mama muuzaji akanyamaza. Nikauliza tena. Akanitazama machoni, akasema polepole, "Bonjour, madame," akasubiri. Nilidhani ananidharau kwa rangi yangu. Nikatoka bila mkate, machozi yananilenga. Jioni nikamweleza mama mwenye nyumba niliyopanga. Akaniuliza, "Kwenu mtu huingia mahali akaanza na bei?" Nikamkumbuka bibi yangu wa Magu. Ukimpita asubuhi bila kumsalimia "mwangaluka", hata ungempa maji ya kunywa asingeyapokea. Kesho yake nilirudi dukani, nikaanza na bonjour, na yule mama akaacha mikate ya mbele, akaenda nyuma kunichagulia uliotoka jikoni dakika ileile. Nilinunua mkate kwake mwaka mzima.

Jioni sema *bonsoir*, "bonswar". Ukiondoka, *au revoir*, "orevwar". Wewe unayesalimia wateja mia kwa siku hutapata shida.

*Shangazi, mimi ni mwalimu wa historia. Mke wangu ana hamu ya Versailles na tumeanza kuweka akiba. Lakini moyo wangu unasita. Kwa nini nitumie nauli kubwa hivyo kwenda kushangaa dhahabu ya wafalme waliowanyonya watu wao? Hapa tuna makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, na Ukerewe kuna jumba la mtemi la Bukindo, na wanafunzi wangu wengi hawajafika kokote kati ya huko. — Mwalimu, Nyamanoro*

Mwalimu mwenzangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Bukindo nenda, tena nenda kabla ya Ufaransa, na mkeo uwe naye. Ila Versailles ina jambo linalotuhusu sisi wa Mwanza kuliko watalii wengi wanaopanga foleni pale, na sijaona kitabu cha shule kikilisema hivi ninavyotaka kukueleza.

Simama karibu na kivuko cha Kamanga utazame majini. Lile jiwe lililokaa juu ya mawenzake kana kwamba limewekwa kwa mkono, tunaliita Jiwe la Bismarck. Wanafunzi wako wanalipiga picha kila Jumapili. Tarehe 18 Januari 1871, Bismarck huyo, mwanasiasa mkuu wa Wajerumani, alisimama ndani ya Ukumbi wa Vioo wa Versailles akasoma tangazo la kuanzishwa kwa Dola ya Ujerumani. Wajerumani walikuwa vitani na Wafaransa na wanawashinda, wakaamua kuitangazia dola yao ndani ya nyumba ya wafalme wa Ufaransa. Kufika 1885 dola hiyo ilikuwa imeanza kujitwalia nchi yetu. Halafu tarehe 28 Juni 1919, katika ukumbi uleule, Wajerumani waliitwa kusaini mkataba wa kushindwa Vita Kuu ya Kwanza. Ibara ya 119 ya mkataba huo ndiyo iliyowavua makoloni yao yote. Waingereza walikuwa wameshaiteka Mwanza tangu Julai 1916, lakini karatasi iliyotutoa kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine ilitiwa sahihi mle. Mwaka uliofuata tukapewa jina la Tanganyika. Aliyeulizwa kwetu hayupo.

Mimi niliingia ukumbi huo nikiwa sijapanga kuhuzunika. Una urefu wa mita 73. Upande mmoja kuna madirisha 17 yanayotazama bustani, upande wa pili matao 17 yaliyojaa vioo, vipande 357. Wakati unajengwa, kati ya 1678 na 1684, kioo kikubwa kilikuwa anasa ya ajabu. Ukipita, unajiona kipande kipande, bega hapa, kilemba pale, nyuma yako bustani na anga. Nikajiona mle, mjukuu wa mtu aliyelipa kodi ya Mjerumani, nimevaa kitenge, nimeingia kwa tiketi yangu. Nikakaa kwenye benchi karibu saa nzima. Mlinzi alikuja kuniuliza kama naumwa.

Kuhusu unyonyaji uko sahihi, na jengo lenyewe linakuunga mkono. Louis wa Kumi na Tatu alianza na nyumba ndogo ya kuwindia mwaka 1623. Mwanawe, Louis wa Kumi na Nne, akaanza kuikuza mwaka 1661, na mwaka 1682 akahamishia huko serikali nzima na wakuu wake wote, awaone kila siku. Hata kula alikula hadharani, watu wamesimama wanamtazama. Lakini tarehe 5 Oktoba 1789 wanawake wa Paris, wakiwemo wauza samaki wa sokoni, walifunga safari kwa miguu, mvua inanyesha, hadi Versailles kudai mkate. Mama wa Kirumba, hapo ndipo ulipo. Kesho yake walirudi Paris wakiwa na mfalme, malkia na watoto wao, na hakuna mfalme aliyeishi tena Versailles kama zamani. Ukitazama ule uwanja wa mawe mbele ya jumba, wafikirie hao kwanza, dhahabu baadaye.

Jumatatu jumba hufungwa, usije ukapoteza siku. Fika asubuhi na mapema, nunua tiketi kwa mtandao kabla. Walio chini ya miaka 18 hawalipi kuingia jumbani. Mkishachoka na dhahabu, tokeni mwende Potager du Roi, bustani ya mboga ya mfalme, hatua chache tu kutoka jumbani. Eka zake ni kama ishirini na mbili. Palikuwa kinamasi, na Jean-Baptiste de La Quintinie aliipanda kati ya 1678 na 1683 ili mfalme apate tini na njegere kabla ya msimu wake. Miti ya matunda imenyooshwa ukutani kama mikono ya mtu aliyesulubiwa, ili ipate joto la jiwe. Mpaka leo inalimwa, na mazao yake yanauzwa. Rafiki niliyesafiri naye ni mkulima wa nyanya kule Usagara, na pale ndipo aliponipotea kwa saa mbili.

*Shangazi, viza ya Ufaransa inapatikana wapi na wanataka nini? — Kijana, Buzuruga*

Dar es Salaam, na lazima ufike mwenyewe kwa ajili ya alama za vidole. Unaomba viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ya muda mfupi, isiyozidi siku 90 ndani ya siku 180. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, usisubiri zibaki chini ya siku 15. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka huko. Weka taarifa za benki na uthibitisho wa malazi. Kama unafikia kwa ndugu, yeye aende ofisi ya meya wa mji wake aombe hati inayoitwa *attestation d'accueil*. Mama wa Kirumba, mwambie kijana aanze hilo mapema, maana ofisi nyingine ni za taratibu.

*Asalaam aleikum Shangazi. Mimi na mume wangu tunakwenda Paris mwezi wa kumi. Tumeambiwa kila sufuria ina nguruwe au mvinyo. Tubebe unga na nyama ya kukausha? — Dada yako, Mabatini*

Waaleikum salaam, dada yangu. Nyama usibebe, wala maziwa. Forodha za Ulaya haziruhusu msafiri kuingia navyo kutoka kwetu. Unga utakuchosha bure. Jifunze maneno machache tu: *porc* ni nguruwe, *jambon* ni paja lake, *lardons* ni vipande vyake vidogo vinavyojificha kwenye saladi na kwenye ile pai ya mayai iitwayo *quiche lorraine*. *Rillettes* za kule Tours ni nguruwe pia. Ukiona *au vin* kuna mvinyo. Sema "san por, sivuple", yaani bila nguruwe, tafadhali, na mhudumu ataelewa. Mvinyo kwenye mchuzi uliza kila mara, hata kwenye samaki.

Halafu nendeni Msikiti Mkuu wa Paris. Ulifunguliwa mwaka 1926 kwa kuwakumbuka askari Waislamu waliokufa wakiipigania Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza. Una ua wa vigae vya kijani na buluu, na mgahawa wenye kuskusi na chai ya nanaa. Kuskusi Wafaransa wameipokea kutoka Afrika Kaskazini wakaifanya yao. Migahawa yake imejaa mjini, na mabucha ya halali yapo mengi.

Ila nisingependa mle kuskusi wiki nzima. Mkate wao ule wa *tradition*, kwa amri ya serikali ya mwaka 1993, ni unga, maji, chumvi na chachu, basi, hauwekwi kitu cha kuhifadhi. Ndiyo maana kesho yake unakuwa mgumu kama kuni, na ndiyo maana watu wananunua kila siku. Ununue asubuhi, ukiubana usikie unavyolia. Tafuta pia jibini ya mbuzi iitwayo Sainte-Maure de Touraine. Ni ndefu kama mhindi, nje imepakwa majivu, ndani nyeupe kabisa, na katikati imepita bua moja la nafaka kutoka mwanzo hadi mwisho. Siku ya kwanza nilidhani bua limeangukia kwa bahati mbaya. Mwenyeji wangu akalivuta taratibu kabla ya kukata, akaniambia ndilo linaloishika jibini isivunjike. Ina uchachu kidogo, kama maziwa mgando yaliyokaa vizuri kwenye kibuyu. Msukuma yeyote ataitambua.

Zingatieni saa. Chakula cha mchana ni kati ya saa sita na saa nane, baada ya hapo majiko mengi yanafungwa mpaka jioni, na kulalamika hakusaidii. Mchana ndio wakati wa kula vizuri kwa bei nafuu: uliza *formule*, vyakula viwili au vitatu kwa bei moja. Maji ya bomba ni bure, sema "karaf do". Huduma imeshahesabiwa kwenye bei. Na msiharakishe. Mlo wa Wafaransa, kwa maana ya watu kukaa pamoja na vyakula kuja kimoja kimoja, uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2010. Mhudumu hataleta bili mpaka umwombe, kwa sababu kwao kuileta mapema ni kama kukufukuza.

*Binti yangu, nimevua ziwani miaka arobaini. Naambiwa sangara wetu wanaliwa mpaka Ufaransa. Wanampikaje? Umri huu sisafiri tena, lakini ningependa kuonja. — Mzee, Ukerewe*

Shikamoo, mzee wangu. Ni kweli, wanaliwa. Miaka michache iliyopita nilirudi Tours kumsalimia yule mama mwenye nyumba, sasa ni mzee sana. Asubuhi nikaenda naye soko la ndani, Les Halles. Juu ya barafu nikakuta minofu myeupe yenye wekundu pembeni, na kibao kidogo kimeandikwa kwa mkono: *perche du Nil, Lac Victoria, Tanzanie*. Nikamshika mkono nikamwambia, huyu ni wa kwetu. Akamwambia muuza samaki, muuza samaki akawaambia wateja, na kwa dakika kumi nikawa naeleza watu wa Tours ziwa letu lilivyo kubwa.

Jioni tulimpika kwa namna wanayoiita *meunière*, maana yake "ya mke wa msaga nafaka", kwa sababu ya unga. Chukua mnofu, ukaushe vizuri kwa kitambaa safi, maana ukiwa na maji hautashika. Tia chumvi na pilipili manga, uupitishe kwenye unga wa ngano, uukung'ute ubaki kama vumbi tu. Weka kikaangio motoni na mafuta kidogo na siagi, kaanga kila upande mpaka uwe rangi ya dhahabu, utoe. Pangusa kikaangio, weka siagi nyingine, kijiko kikubwa kilichojaa. Itatoa povu. Subiri povu litulie na siagi inukie kama karanga zinazokaangwa. Hapo hapo, usichelewe hata kidogo, kamulia limau na umwagie juu ya samaki na kotmiri iliyokatwa. Iwe siagi ya maziwa hasa. Majarini haitoi harufu ile.

Wao wanakula na viazi vya kuchemsha. Mimi nimejaribu kwa viazi na nimejaribu kwa ugali wa muhogo wa kwenu Ukerewe, na siagi ile ikishuka pembeni mwa tonge la muhogo, mzee wangu, viazi siviulizii tena.